Kompyuta Iliyolalia Mayai

Habari za kompyuta hakuna wa kuzisimulia kunishinda mimi. Na sababu ni kwamba sizijui. Wanaozijua huanza na maelezo, na maelezo yakija kwisha, waliobaki kusikiliza ni viti.

Basi tuanze na mayai.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mtaa mzima ukimwita Mama Vifaranga, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana ukipita dirishani kwake ulisikia mwenyewe. Sebuleni, pale ambapo wengine huweka televisheni, yeye aliweka friji bovu. Friji lile lilishindwa kupoza, naye akaona kitu kilichoshindwa kupoza huenda kikaweza kupasha. Akalitia balbu ndani, trei za mayai, bakuli la maji ya kuleta unyevu, na kipimajoto kilichoning'inia kwa uzi wa kushonea. Joto likipanda, anazima balbu. Likishuka, anawasha. Asubuhi, mchana na jioni anageuza mayai moja moja, na kila yai lina alama za penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, asije akaligeuza hili mara mbili na lile akaliruka.

Kazi hiyo ilimfunga kama mama mwenye mtoto mchanga. Msibani alikwenda na kurudi. Harusini alikula amesimama.

Sasa macho yakaanza kumhama. Yeye mwenyewe hakukubali. Alisema balbu za siku hizi hazina nguvu. Lakini mpima mayai hushika yai gizani, akaliwekea tochi kwa nyuma, akatazama kama kuna uhai ndani, na Mama Vifaranga alilishika yai moja mbele ya wageni, akalitazama sana, akasema, "Huyu mzima. Ona anavyocheza." Yai likapasuka mkononi. Wageni waliaga bila kumaliza chai, na mapazia yalifuliwa mara mbili.

Binti yake ndiye aliyeyafua. Kesho yake akamshika mkono mpaka kwa mpimaji wa macho, na huko wakaambiwa ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na ameiva. Akiachwa aive kupita kiasi, huharibu na nyumba anayokaa. Daktari wa kupasua alikuwa akija hospitali kuu kwa nadra kama mgeni wa heshima, na binti akapigana mpaka mama yake akapata nafasi.

"Siendi," akasema Mama Vifaranga. "Nani atalalia mayai?"

"Nitayalalia mimi," akasema binti.

"Wewe? Wewe maji tu unayaunguza."

"Basi mume wangu."

Mama Vifaranga akageuza uso upande alikokaa mkwewe, au alikodhani amekaa, kwa sababu alilitazama koti lililotundikwa mlangoni.

Mkwe huyu ndiye Fundi Waya, mtengeneza simu na redio, na ndiye nitakayekwenda naye mpaka mwisho, maana taabu yote ilimwangukia yeye. Alikuwa na kesi ya zamani nyumbani mle. Aliwahi kumfungia mama mkwe kidude cha dukani, kile kinachozima na kuwasha chenyewe, halafu akaachwa zamu. Kidude kiliwasha balbu kikagoma kuzima, na Fundi Waya alikuwa kwenye kochi amesinzia. Mayai yaliiva. Yalikuwa ya siku moja tu mashineni, kwa hiyo yaliliwa, na kila aliyepewa alikuja kushukuru mbele yake.

"Kidude hakina akili," akasema Mama Vifaranga. "Na huyu," akamwonyesha kwa kidevu, safari hii akampata, "akili anayo, ila husinzia nayo."

Mwanaume mwingine angenyamaza. Fundi Waya alikohoa kidogo.

"Mama, nitakuwekea kompyuta. Kompyuta ina akili, na haisinzii."

"Itapima joto?"

"Itapima, itawasha, itazima."

"Nikiiona inafanya kazi kwa macho yangu haya," akasema mama mkwe, "nitakwenda."

Binti akamtazama mumewe kwa jicho ambalo wenye ndoa wanalijua. Lilisema: sasa macho ya mama yangu yako mikononi mwako, na mikono yako naijua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kibao kitupu, hakina kioo wala vitufe, kikubwa kama kipande cha sabuni. Fundi alikichomoa kwenye mashine ya kukatia tiketi iliyotupwa jalalani. Kilikuwa kizima, hakina ila, isipokuwa moja: waliokitengeneza walishafunga milango, na programu zake zilikwenda nao. Programu ya kuangalia joto ilibidi aiandike mwenyewe. Kuiandika haikuwa shida. Shida ilikuwa kuipika.

Maana programu anayoiandika mtu ni maneno, na mashine hazili maneno. Iko programu nyingine, mafundi huiita kompaila, ambayo kazi yake ni kuyachukua maneno na kuyapika yawe amri zinazomezeka. Fundi Waya alikuwa na kompyuta kubwa, ya mezani, yenye kompaila nzuri, lakini ilipika kwa ajili ya tumbo lake yenyewe. Alichokipika humo akikipelekea kibao, kibao kilikitema. Ilimpasa aunde kompaila ya pili, ikae ndani ya ile kubwa lakini ipike kwa tumbo la kibao.

Kompyuta kubwa aliileta sebuleni kwa mama mkwe, akaiweka kwenye meza ya chakula, ili juhudi yake ionekane. Jumapili nzima mistari ilipanda kwenye kioo. Mama Vifaranga alivuta kiti.

"Nieleze, mkwe."

Akamweleza kama nilivyoeleza hapa, ila kwa urefu.

"Si ungepikia humo humo kwenye kidogo?"

"Hakina nafasi, mama. Kingepika mpaka vifaranga wako wapate wajukuu."

"Kwa hiyo jiko kubwa, mlaji mdogo."

"Hapo hapo, mama."

"Na sufuria unaifua mwenyewe kama mhunzi. Haipo dukani."

"Ya kibao hiki haipo."

"Unaifua kwa kutumia nini?"

Hapo Fundi Waya akakaa vizuri, kwa sababu alifika pale panapomtoa jasho kila anayefanya kazi hii. Kompaila nzima haijengeki bila maktaba, yaani kabati la amri ndogo ndogo ambazo kila programu huenda kuazima. Na maktaba haijengeki bila kompaila.

"Yai na kuku," akasema Mama Vifaranga.

"Ndiyo, mama. Hajulikani aliyetangulia."

"Hapa kwangu hutangulia yai. Sasa mnatokaje?"

"Tunajenga kompaila nusu kwanza. Hiyo nusu inajenga maktaba. Maktaba ikishakuwapo, tunarudi kujenga kompaila nzima."

"Na ile nusu?"

"Tunaitupa."

Mama Vifaranga akainuka kwenda kugeuza mayai. "Kazi yenu," akasema, "haina shukrani."

Wiki ikaingia, wiki ikatoka. Kila alipofunga kibanda chake cha simu, Fundi Waya alikwenda ukweni. Ujenzi ulikwenda ukasimama. Ulisimama mara kwa kukosa programu moja ya kusaidia, mara kwa sababu toleo la hii halipatani na toleo la ile, kama mawifi. Alipakua, akafuta, akapakua la zamani zaidi. Mama mkwe alikuwa akipita nyuma yake na trei, akitazama kioo.

"Leo maandishi yamependeza," akasema siku moja. "Yamenyooka."

Kioo kilikuwa kimezimwa. Fundi na mkewe wakatazamana. Mke akaenda jikoni, na sauti ya sufuria zilivyowekwa ilitosha kumweleza fundi kwamba siku ya daktari haisogezwi.

Jioni ya kuamkia safari, mambo yalikuwa yamenyooka kweli. Kompaila nusu ilikuwapo. Maktaba ilikwisha kujengwa, bado kuwekwa mahali pake. Na mahali pake ni folda ya peke yake, mbali na vitu vya kompyuta kubwa, folda ambayo fundi lazima aitaje katika amri. Baada ya hapo ni kompaila nzima, programu, kibao, na asubuhi mama mkwe anaona na kuondoka.

Mkewe akamwita aje kuvuta zipu ya mkoba, imegoma. Akaenda, akaikalia, ikafunga. Akarudi mezani akiamini folda ameshaiandika, akabonyeza.

Hakuwa ameiandika. Na kompyuta usipoiambia kitu kiwekwe wapi, haiulizi. Inakiweka pale inapoweka vyake. Maktaba ya kibao ikapanda juu ya maktaba ya kompyuta kubwa, na ile ya kubwa ikafutika. Ni kama kumng'oa mtu ulimi ukampachika wa jirani.

Fundi Waya akaandika amri ya kuonyesha mafaili. Kompyuta ikajibu haiwezi. Akaiuliza tarehe. Haiwezi. Akaiomba basi izimike, na hata kuzimika haikuweza. Akachomoa waya ukutani. Alipourudisha, kioo kilibaki cheusi na kimetulia, kama mtu aliyemaliza mambo yake ya dunia.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Imekwisha?"

"Imekwisha," akajibu, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho la kweli kwa siku nyingi.

Asubuhi Mama Vifaranga alisimama mbele ya friji amejifunga mtandio wa safari, mkoba uko chini, na uso wa mtu anayetumaini kukatishwa tamaa. Ndiyo, nasema kutumaini. Mayai aliyapenda, lakini kisu alikiogopa zaidi kuliko alivyoyapenda mayai, na kama kompyuta isingefanya kazi asingelaumiwa na mtu.

Fundi Waya alilijua hilo. Alikiweka kibao juu ya friji, akakipachika vijiwaya vya kutosha kumtisha mtu yeyote, akasimama ameegemea friji kwa bega, mikono nyuma. Nyuma kule ndiko ilikokuwa swichi ya balbu.

"Shikamoo, mama. Iko tayari."

"Marahaba. Nitaijaribu." Mama Vifaranga akafungua mlango wa friji, akaupunga kama anayefukuza nzi. Baridi ya asubuhi ikaingia. Fundi akanyoosha shingo akasoma kipimajoto, akahesabu kimoyomoyo, akabonyeza. Balbu ikawaka.

"Imewaka," akasema mama mkwe, maana mwanga aliuona bado.

"Imehisi baridi, mama."

"Mbona imelia *taka*?"

"Ndivyo inavyofikiri. Inafikiri kwa sauti."

"Kama marehemu baba mkwe wako." Akafunga mlango. Wakasubiri. Joto likapanda taratibu, fundi bega lake limekufa ganzi. *Taka.* Balbu ikazima.

Mama Vifaranga akafungua tena. Ikawaka. Akafunga. Ikazima. Akasogeza uso kwenye kibao, fundi akihema karibu yake.

"Inapumua," akasema mama mkwe.

"Ni feni yake, mama."

Kibao hakikuwa na feni. Mama Vifaranga akashusha mabega kama mtu aliyehukumiwa.

"Haya. Twende kwenye kisu."

Walipotoka, Fundi Waya akakaa kwenye sakafu. Halafu akainuka mbio, kwa sababu joto lilikuwa limepanda.

Yaliyofuata si ya kusimulia kwa urefu, maana mtu anayelinda balbu hana visa vingi. Alihamia ukweni na godoro. Wateja walipokuta kibanda kimefungwa walimfuata huko, wakatengenezewa simu zao mezani huku fundi akinyanyuka kila mara kwenda kuchungulia friji, na walitoka wakisema mkwe yule amechanganyikiwa. Alijua adui yake ni usingizi, kwa hiyo kochi alilisimamisha wima likielekea ukuta, akakalia stuli isiyo na mgongo, miguu ndani ya beseni la maji. Akijaribu kusinzia anaanguka, na akianguka analowa. Asubuhi, mchana na jioni aligeuza mayai, msalaba, duara. Aliyasemesha pia, lakini hilo halikuthibitishwa.

Na muda ambao hakuwa akichungulia, aliifufua kompyuta kubwa. Akaifuta yote, akaianza upya tangu herufi ya kwanza. Kompaila nusu ikajengwa tena. Safari hii jina la folda aliliandika kwanza kwenye karatasi, akaibandika kwenye paji la kioo, na kila kabla ya kubonyeza aliisoma kwa sauti.

Mama mkwe alipiga simu kila siku kutoka kwa dada yake, alikofikia karibu na hospitali.

"Mkwe, mashine haijambo?"

"Haijambo, mama. Na macho?"

"Yamefungwa kama andazi kwenye gazeti. Imesinzia hata kidogo?"

"Haijasinzia."

"Nipe niisikie."

Fundi Waya akaupeleka mkono kwenye swichi. *Taka. Taka.*

"Nzuri," akasema Mama Vifaranga. "Wewe nenda kapumzike, usiisumbue."

"Nimepumzika, mama," akasema Fundi Waya, miguu ndani ya beseni.

Ikafika siku za mwisho, zile ambazo mayai hayageuzwi tena, yanaachwa kifaranga ajielekeze. Maktaba ikakaa mahali pake, kwenye folda yake. Kompaila nzima ikaanza kujengwa, na wakati mistari ikipanda kwenye kioo, ndani ya friji kukasikika kugonga. Ganda moja likapata tundu, kisha jingine. Fundi alikuwa akikimbia baina ya friji na meza hata asijue anazaa upande upi. Alfajiri moja kompyuta kubwa ikamaliza bila kulalamika. Akapika kijiprogramu cha neno moja, akakipeleka kwenye kibao, na kibao hakikukitema. Kilijibu: *Habari.* Fundi Waya akajibu, "Nzuri," akafuta machozi. Kisha akapika programu ya joto, akafunga waya wa kweli kwenye balbu, akaondoa mkono wake. Balbu ikawaka yenyewe. Ikazima yenyewe.

Ndani ya friji hapakuwa na yai lililobaki. Maganda matupu, na manyoya mabichi yanayopiga kelele.

Hakupata nafasi ya kulifikiria hilo, maana gari lilisimama nje mapema kuliko alivyotazamia. Akaviringisha godoro akalisukumia uvunguni. Akamwaga beseni. Akalishusha kochi. Akabandua karatasi kwenye kioo, akaitafuna, akaona ni ujinga, akaitema akaitia mfukoni.

Mama Vifaranga aliingia na miwani myeusi, binti yake nyuma na mkoba. Akasimama katikati ya sebule, akavua miwani. Alitazama ukuta, pazia, akatazama dari.

"Kumbe pazia hili ni la kijani," akasema. Akamgeukia mkwewe, akamtazama yeye mwenyewe na si koti. "Na wewe kumbe umezeeka hivi."

"Ni siku chache tu, mama."

"Siku chache gani? Wewe una macho mekundu kuliko yangu, na mimi nimepasuliwa."

Akaenda kwenye friji, akafungua, na vifaranga wakampigia kelele zote alizozikosa. Aliwatoa mmoja mmoja, akawatazama miguu, akawatazama kitovu, akawapuliza manyoya. Binti yake aliona mama anapangusa shavu kwa mtandio akajifanya anatafuta ufunguo. Juu ya friji, kibao kilikuwa kikimetameta taa yake, na balbu ikawaka yenyewe, *taka*, fundi akiwa mbali kabisa, mikono mbele, wazi, kila mtu anaiona.

"Kweli inafanya kazi," akasema Mama Vifaranga.

"Inafanya kazi, mama," akasema Fundi Waya, na lilikuwa jambo tamu kulisema.

"Tangu lini?"

Hapo ndipo angeweza kunyoosha maneno. Lakini mkewe alikuwa akimtazama kwa sura ambayo hakuwahi kupewa tangu harusi.

"Tangu ulipoondoka, mama. Mimi nilikuwa napita tu kuiaga jioni."

"Haikukuhitaji."

"Haikunihitaji hata kidogo."

Mama Vifaranga akaitikia kwa kichwa. Macho yake mapya yalikuwa yakizunguka juu ya friji polepole, kama mtu anayesoma kwa raha. Pembeni ya kibao palikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe umesimama mswaki.

"Na huu?"

"Wa kusafishia kibao, mama," akasema Fundi Waya upesi. "Vumbi likikaa kwenye miguu ya vipuri, umeme unapotea njia. Mafundi wote tunautumia."

"Ni kweli, mama," akasema binti. "Hata kibandani anao."

Mama Vifaranga akautoa kikombeni, akausogeza karibu na jicho, akaunusa.

"Kinasafishwa kwa dawa ya meno?"

"Kidogo tu. Inaondoa kutu."

"Na leo kimesafishwa?"

"Sasa hivi, kabla hamjaingia."

"Basi kiambie," akasema Mama Vifaranga, akifungua mkoba na kumnyooshea kitambaa, "kikimaliza kupiga mswaki, kiwe kinakufuta povu kidevuni."